Kabla hujaiamini seramu, chungulia kwanza ukuta wa bakteria

Kuna usiku mmoja nilitoka maabara nikipiga mluzi, seramu yangu ya sungura (maji ya damu yenye antibodi) dhidi ya aina ya I ya Propionibacterium acnes, bakteria wa ngozi, ilikuwa inagandisha seli zake vizuri kabisa, yaani zinashikana mabonge. (Tangu 2016 wanamwita Cutibacterium acnes, mi bado ulimi haujazoea.) Asubuhi nikaijaribu kwa aina ya II, nayo ikaganda. Aisee nilichoka!

Kosa lenyewe la kijinga tu, seramu sikuinyonya, yaani sikutoa antibodi zisizotakiwa. Antibodi zingine zinashika vitu ambavyo aina zote mbili wanavyo, kwa hiyo unachukua seramu ya aina ya I unaichanganya na seli nyingi za aina ya II, unaacha zishikane, unazungusha kwenye sentrifuji, kisha unabaki na maji ya juu. Hayo ndo yanatofautisha. Rudia mpaka seli za aina ya II zisigande kabisa, usione uvivu.

Ila ushauri wangu mkubwa ni usianze na seramu, anza na kemia ya ukuta wa seli maana ndo inakwambia uko kwenye ukoo gani. Huyu acnes zamani aliwekwa Corynebacterium kwa sababu ya umbo tu, vijiti vilivyopinda pinda, lakini ukuta unamkana: Corynebacterium halisi wana meso-DAP (DAP ni asidi ya diaminopimeliki, amino asidi ya ukutani, meso na LL ni maumbo yake mawili) pamoja na sukari za arabinosi na galaktosi, huyu ana LL-DAP na arabinosi hana. Halafu anatengeneza asidi ya propioniki. Hata bakteria Actinomyces israelii na Arachnia propionica, ambao kwenye hadubini wote ni matawi matawi na wote wanaleta ugonjwa uleule, ukuta unawatenganisha, wa kwanza hana DAP, wa pili anayo.

Kama unatafuta DAP peke yake usijisumbue kusafisha ukuta, chemsha seli nzima kwenye asidi hidrokloriki 6N, nyuzi 100 usiku kucha, pitisha kwenye kromatografia ya karatasi itenganishe amino asidi, pulizia ninhidrini inayozipa rangi. Doa la DAP linakuja kijani cha zeituni halafu linageuka njano, liko nyuma ya yale ya zambarau ya amino asidi zingine, na LL inatangulia meso. Weka DAP ya kulinganishia pembeni kila mara, macho yanadanganya sana hasa ukiwa na njaa.

Sukari sasa ndo kazi. Hapo lazima ukuta uwe msafi, na asidi iwe nyepesi na muda mfupi, masaa mawili hivi, ukiiacha usiku kucha sukari zinaungua. Mi kipimo changu cha usafi ni ribosi, ukiiona ujue asidi za nyuklia bado zimo, na ukiona amino asidi kibao badala ya zile chache za ukuta (alanini, glutamiki, glisini, DAP) ujue protini haijatoka, rudisha kwenye tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, uoshe tena.

Nilipokuja kufanya hivyo ndo nikaelewa kilichonitesa na sungura wangu: aina ya I ukutani ana galaktosi, glukosi na manosi, aina ya II ana hizo hizo ila galaktosi hana. Tofauti ni sukari moja! Sasa seramu isiyonyonywa ingewatenganishaje?