Kabla hawajashikana mikono: kwa mnaoanza usuluhishi Nakivale

Mwaka wangu wa kwanza kazini hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, nilikuwa na ugonjwa wa kupenda watu washikane mikono. Ikifika saa kumi, soda zimeisha, mimi natafuta mikono ya kuunganisha ili nipate picha ya ripoti. Nawaandikia ninyi mliotoka juzi kwenye semina, madaftari yenu bado yananukia duka.

Kesi iliyoniponya ilikuwa ya ng'ombe na maharage. Ng'ombe wa mwenyeji waliingia shamba la familia ya Wakongo, wakala upande mmoja na kukanyaga mwingine. Nikawaketisha wanaume wawili chini ya mwembe, mwenye ng'ombe na baba wa nyumba. Waliongea kwa heshima zote. Huyu akasema pole, yule akasema yamekwisha, mikono ikashikana. Siku ya tatu mama wa nyumba ile alikamata ndama, akamfunga mlangoni kwake, akakaa pembeni na panga mapajani. Nilipofika hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwalimu, uliuliza ni nani aliyepanda?"

Mbegu alikopa yeye. Kupalilia alipalilia yeye, na deni lilikuwa linamngoja yeye. Mumewe alisamehe mali isiyo yake, na shahidi nilikuwa mimi.

Siku hizi simwiti mtu mkekani kabla sijafika mahali penyewe. Tunatembea shambani pande zote mbili pamoja, tunahesabu mistari iliyoharibika kwa sauti, nauliza nani alipanda, nani anadai, nani alichunga siku ile. Huyo mchungaji mara nyingi ni mtoto aliyelala usingizi, na kila mtu anamjua ila hakuna anayemtaja. Kwa kesi ya mkimbizi na mwenyeji, namwomba kiongozi wa wakimbizi wa kijiji na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji la wenyeji, wakae wote wawili. Akikosekana mmoja, naahirisha, hata kama watu wamekwisha kukaa na wananitazama vibaya.

Semina nyingi zitawatajia mato oput ya Waacholi kana kwamba ni kikombe cha uji wa kupatana. Jamani, hapana. Kule kaskazini ni desturi ya baada ya mtu kuuawa. Ukoo wa aliyeua unakiri, fidia inakubaliwa na kutolewa, ndipo pande mbili zinakunywa kinywaji kichungu cha mizizi ya mti wa oput. Hesabu kwanza, kunywa baadaye. Mimi kwenye maharage nilianza na kunywa.

Kuna jambo lingine ambalo sikuambiwa na mtu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini kwa wazee wengi wa nchi hii kilikuwa kwanza lugha ya kambi ya jeshi na vizuizi vya barabarani. Sisi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tumebembelezwa nacho mgongoni mwa mama. Mzee wa Kinyankole ukimwambia "kaa hapa, ongea", anasikia askari. Mwambie "mzee wangu, karibu ukae, tunaomba neno lako". Na kabla ya hapo msalimie kwao. Hata "agandi" yenye lafudhi mbovu inalainisha uso.

Vijana msiwahutubie. Ukiandika "uongozi" ubaoni watakujibu "kujiamini", "maono", kisha watasinzia. Mimi nawapeleka bombani, kwenye foleni ya jerikeni, asubuhi ambayo maji yanatoka kidogo. Tukirudi, kila mmoja anaigiza mtu aliyemkera. Kijana mmoja mwenye maneno mengi alipewa nafasi ya mhudumu wa bomba, na haikupita dakika kumi alikuwa anafoka kuliko yule mhudumu aliyekuwa akimlaumu. Wenzake walicheka mpaka machozi. Sikuongeza neno, na nadhani hilo ndilo somo nililofundisha vizuri kuliko yote mwaka ule.

Uongozi wenyewe naufundisha kwa sanduku la akiba la kikundi cha kuweka na kukopa. Mnalijua: la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Katika kikundi chetu binti mmoja mtunza ufunguo aliuguliwa na mama yake usiku. Akaenda kugonga kwa wenzake wawili wafungue. Wakakataa mpaka kikundi kikutane. Kilikutana usiku huohuo, kwa tochi za simu, wakamtolea fedha kutoka mfuko wa jamii, ule wa kikundi wa kusaidiana kwenye shida, na wakaandika kwenye daftari. Mama alipona. Binti aliwanunia wale wawili wiki mbili nzima, na mimi sikuwapatanisha. Kununa nako kuna haki yake. Mngewaona sasa wanavyogombana kuhusu riba, mngedhani ni wabunge.

Wazazi ni wagumu zaidi. Baba hapendi kukosolewa mbele ya watoto, kwa hiyo usimkosoe hapo. Mwite baba peke yake, mama peke yake, kijana peke yake, kabla ya kikao cha wote. Kazi inaongezeka mara tatu, najua, na mratibu atauliza kwa nini umefikia familia chache. Mwonyeshe daftari.

Yako mambo ambayo hayaketi mkekani kabisa. Msichana chini ya miaka 18 akilaliwa na mtu mzima, wazee watakuja na mbuzi wawili na maneno matamu, watakwambia hata binti amekubali. Sheria ya Uganda inaliita kosa la jinai. Kijiji hakina mamlaka ya kulimaliza, na wewe huna. Usikae, usiandike mapatano, usinywe chai yao. Nenda kwenye dawati la familia na watoto la polisi, au piga Sauti, 116, namba ya bure ya kulinda watoto. Piga ukiwa umeshatoka uani kwao, kwa simu yako mwenyewe, na mpe binti njia ya kulala kwingine usiku ule kabla habari hazijamfikia mjomba.