Kabla hujaandika nota, jua nyuzi zimetyuniwa vipi

Miezi miwili nilihangaika na "Sallie Gooden". Ni santuri ya Eck Robertson, mpiga fidla wa Texas, aliyorekodi peke yake New York tarehe 1 Julai 1922 kwa kampuni ya Victor. Nota zote nilizipata, moja baada ya nyingine, nikazipanga kwenye karatasi. Nikishika fidla nizipige, vidole vinakataa. Sauti mbili zilizokuwa zikivuma pamoja kwenye santuri, kwangu zilitaka mkono ambao sina.

Nikampelekea maalim wangu wa taarab, Unguja, nikamsikilizisha kwenye simu. Hakungoja ifike nusu.

"Mwanangu, huyo hakuzifunga nyuzi zake kama wewe. Hebu sikiliza uzi mnene."

Nikasikiliza. Fidla ya kawaida, kuanzia uzi mnene, ni G-D-A-E, kila herufi ikiwa jina la sauti ya uzi mmoja. Robertson alizipandisha zile mbili nene toni moja moja, ikawa A-E-A-E. Maalim aliitambua upesi kwa kuwa wapiga fidla wa Kiarabu hutyuni G-D-G-D, na mpangilio wa Robertson ukiushusha toni moja ndio huo huo. Nikatyuni upya, na sehemu zilizonishinda miezi miwili nikazipiga jioni ile ile. Sitasahau raha yake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kuandika muziki wa zile bendi za nyuzi za kusini mwa Marekani, za fidla, banjo na gitaa, weka kalamu chini kwanza. Sikiliza wimbo mzima ukitafuta nyuzi wazi, yaani zisizokanyagwa na kidole. Uzi wazi hulia kwa uangavu na huendelea kuvuma hata upinde ukishahamia uzi mwingine. Kisha tafuta sauti ya chini kabisa. Ikiwa wimbo umejengwa juu ya sauti A, na chini kabisa unasikia A inayovuma wazi bila G yoyote chini yake, kuna uwezekano mkubwa uzi mnene umepandishwa. Usiamini vidole vya mtu anayeupiga leo kwenye video. Huenda kautafutia njia yake mwenyewe.

Kuna mtego mmoja hapo: kasi. Tunaziita santuri za 78, lakini enzi zile mashine za kurekodi hazikuzunguka zote sawasawa. Santuri iliyorekodiwa kwa mizunguko 74 kwa dakika ukiizungusha kwa 78, wimbo wote unapanda karibu nusu toni. Tena wenyewe walityuni kwa sikio wao kwa wao, kwa hiyo hata kasi ikiwa sahihi, A yao inaweza isiwe A ya kinanda chako. Mimi hutafuta nyimbo nyingine alizorekodi mpigaji yule yule siku ile ile na kampuni ile ile. Zote zikipanda kiasi kile kile, nashuku mashine au tyuni ya siku hiyo, si wimbo. Tarehe za vikao vya kurekodi utazipata bure kwenye hifadhidata ya santuri ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara.

Halafu acha mikwaruzo ilivyo. Najua inaudhi, na programu za kuisafisha ni rahisi kutumia, lakini zikiondoa mkwaruzo huondoa pia ule mng'ato wa upinde unapoanza kuugusa uzi. Mng'ato huo ndio utakaokuambia upinde umegeuka wapi.

Na upinde ndio kazi yenyewe. Nota za kidole cha kushoto hata mwanafunzi wa mwaka mmoja atazipata akiwa na subira. Mkono wa kulia hauonekani. Mimi hupunguza kasi hadi nusu, siendi chini zaidi kwa sababu sauti inaanza kuyeyuka, kisha natia alama kila ninaposikia upinde umegeuka na kila mkazo ulipoangukia. Baadaye napiga pamoja na santuri kwa kasi yake halisi. Upinde wangu ukifika kwenye mkazo ukiwa unakwenda upande usio na nguvu, najua nimekisia vibaya huko nyuma, na narudi. Kipande kimoja kinaweza kula wiki. Kistahimilie.

Usianze na bendi kubwa. Skillet Lickers wa Georgia, walioanza kurekodi kwa kampuni ya Columbia mwaka 1926, wana fidla mbili au tatu zinazolia kwa mpigo mmoja, na kuzitenganisha kunahitaji sikio lililokwisha komaa. Anza na mpigaji mmoja, au bendi yenye fidla moja, kama ile ya mpiga banjo Charlie Poole pamoja na mpiga fidla Posey Rorer.

Utakutana pia na sauti isiyo C wala C-sharp (C iliyopandishwa nusu toni), iko katikati. Nimeona karatasi nyingi ambapo mwandishi ameisukuma upande mmoja kana kwamba mpigaji alikosea. Hakukosea. Sisi tuliolelewa na maqam, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, tunaijua sauti ya namna hiyo, basi tuiandike: chora mshale mdogo juu ya nota. Vivyo hivyo mpigaji akiongeza pigo moja mwishoni mwa sehemu, liandike hilo pigo. Ukihesabu kwa mazoea utalikata bila kujua.

Juu ya karatasi yangu sasa pameandikwa: Eck Robertson, Victor 18956, 1 Julai 1922, A-E-A-E. Juzi nilimpigia maalim wimbo wote kutoka kwenye karatasi hiyo. Alinisimamisha mara moja tu, sehemu ya pili, akasema upinde pale haukugeuka. Nilirudi kwenye santuri. Haukugeuka.