Kabla hujajaza Uchumi kwenye maombi ya chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka tu, wadogo zangu wananiuliza swali lile lile: "Kaka, nimesoma HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), alama zinaruhusu, nijaze Uchumi?" Na mimi huwauliza: hesabu unazionaje? Sina shida na alama uliyopata. Ninachotaka kujua ni kama ukikutana na swali gumu unaweza kukaa nalo saa nzima bila kulikimbia.

Sekondari Uchumi ni somo la maelezo. Unaandika sifa za soko huria, faida tano, hasara tano, mfano wa Tanzania, umemaliza. Chuoni mwaka wa kwanza tu unakutana na kalkulasi, matriki na takwimu, halafu mbele inakusubiri ekonometriki, yaani kupima mambo ya uchumi kwa takwimu, ambayo ndiyo inayowapa wengi sapu, mtihani wa kurudia. Waliotoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wanaanza na nafuu. Waliosoma BAM peke yake, ile hisabati ya msingi ya kidato cha tano na sita, wanaanza nyuma kidogo, ila nimewaona wengi wao wakiwapita wenzao kabla mwaka wa kwanza haujaisha, kwa sababu walikaa na maswali kila jioni.

Tuchukue nauli ya daladala uone mambo yanavyobadilika. Tuseme nauli ni shilingi 500 na njia fulani ina abiria 1,000 kwa siku. Nauli ikapanda hadi 600, abiria wakabaki 950. Kidato cha sita unaandika kwamba mahitaji hayanyumbuki sana, yaani hayabadiliki sana bei ikibadilika, watu hawana usafiri mwingine, unapata alama zako. Chuoni unakokotoa: bei imepanda asilimia 20, abiria wamepungua asilimia 5, unyumbukaji ni 5 kwa 20, yaani 0.25. Mapato yametoka 500,000 hadi 570,000. Kisha mwalimu anakutaka uthibitishe kwa kalkulasi kwamba unyumbukaji ukiwa chini ya 1, bei ikipanda lazima mapato yapande, kwa njia yoyote na bidhaa yoyote.

Ukifika kwenye ekonometriki, swali linageuka tena. Umejuaje kuwa abiria wale 50 wamekimbia nauli? Kama wiki hiyo shule zilifungwa? Kama mvua ilinyesha, au njia ya pili ilitengenezwa, watu wakahamia huko? Utatenganishaje athari ya nauli na athari ya hayo mengine yote? Kwangu mimi, hapo ndipo shahada hii inapoanza kuwa na thamani. Ukilielewa swali hilo vizuri, hutamwamini tena kirahisi mtu anayesimama jukwaani na kusema sera fulani imeleta maendeleo kwa kuwa tu mambo yalikwenda vizuri baada ya sera hiyo.

Ndiyo maana nawasihi sana: msikariri fomula. Kila fomula unayopewa, itafutie jambo la mtaani linaloisimamia. Wanafunzi wanaokariri wanafaulu testi, kisha UE, mtihani wa mwisho wa muhula, inakuja na swali lililogeuzwa kidogo tu na wanakwama.

Upande wa pili wa shahada hii ni watu, na huo hautaupata kwenye slaidi za mwalimu. Mimi niliupata kwenye kazi ya kukusanya takwimu za kaya vijijini. Umekaa kwenye kigoda, umeshamwamkia mama shikamoo, dodoso linakuambia uulize amevuna mahindi kiasi gani. Anajibu: "Magunia saba, mwanangu." Gunia lipi? Gunia la kawaida huhesabiwa kilo 100, lakini mengi yanayouzwa shambani ni lumbesa, yameshonewa kilemba juu, na kilo zake hakuna anayezijua hadi yapimwe. Basi unarudi kwenye debe: gunia lako moja linaingia debe ngapi? Anahesabu kwa vidole, mumewe anapinga kutoka mlangoni, wanakubaliana. Debe la mahindi ni kama kilo 18 hadi 20. Jibu lake linaingia kwenye kishikwambi, na baada ya miezi kadhaa linakuwa namba moja kwenye safu ndefu ambayo mtafiti aliye ofisini Dar es Salaam ataitumia kueleza tija ya kilimo. Mtafiti asiyejua habari ya lumbesa atatoa hitimisho kwa kujiamini kabisa, na litakuwa si kweli. Kwa hiyo nafasi yoyote ya udodosaji ikitangazwa wakati wa likizo, omba, hata kama posho ni ndogo.

Majina ya kozi nayo yasikuchanganye. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna Uchumi na kuna Uchumi na Takwimu. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, kuna Uchumi wa Kilimo. Mzumbe na UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) nao wana za kwao. Usichague kwa jina. Tafuta orodha ya masomo ya miaka yote mitatu, uhesabu masomo ya takwimu na hesabu yaliyomo. Mimi nakushauri uende kwenye yenye mengi.

Boom, yaani pesa ya mkopo wa kujikimu, likiingia, nunua kwanza kompyuta, hata iliyotumika, kabla ya simu mpya. Anza na Excel, kisha Stata au R, programu za kuchambua takwimu. R ni ya bure. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inachapisha taarifa za mfumuko wa bei kila mwezi, na data za utafiti wa kaya uliofanyika kwa awamu tangu 2008/09 zinapatikana kupitia Benki ya Dunia bila malipo. Fuatilia pia Benki Kuu. Januari 2024 iliacha kulenga wingi wa fedha, ikaanza kutumia riba yake kuongoza sera, kwanza asilimia 5.5, kisha 6 kuanzia Aprili mwaka huo. Mwanafunzi wa makro, yaani uchumi wa nchi nzima, anayeweza kueleza kwa nini hilo ni badiliko kubwa ameshaelewa nusu ya kozi.

Kuhusu ajira nitasema ukweli. Nafasi za wachumi wa halmashauri zinazopita Sekretarieti ya Ajira, ofisi inayosimamia ajira za serikali, ni chache na waombaji ni wengi mno. Benki zinachukua, lakini kwenye usaili utakaa na watu wa uhasibu na biashara wanaotaka kiti hicho hicho. Niliowaona wakipata kazi mapema ni wale waliokuwa na uwezo wa kusafisha data chafu na kuandika kurasa mbili zinazoeleweka kuhusu walichokiona ndani yake.

Mwaka wa tatu kuna utafiti. Achana na mada kama mchango wa mikopo katika uchumi wa Tanzania, haikamatiki. Chagua bei ya mchele kwenye masoko mawili unayoweza kuyafikia kwa nauli yako, uulize kwa nini hailingani. Mpelekee msimamizi wazo hilo kabla ya likizo ya mwaka wa pili, ili likizo yenyewe uitumie kuandika bei sokoni, siku ile ile ya kila wiki, kwa kipimo kile kile.