Enka imeteguka mara tatu, shida iko wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 22, nacheza winga kwenye ndondo. Msimu huu nimeteguka enka ya kulia mara tatu. Kila mara nakandwa maji ya moto na kuchuliwa, maumivu yakipoa narudi uwanjani. Mbona haiponi?
Msomaji, Temeke

JIBU: Marahaba. Tatizo ni kwamba maumivu huisha mapema kuliko kano kupona. Wayo ukipinda kwa ndani, kano za upande wa nje huvutika au kuchanika. Humo mna neva zinazoujulisha ubongo wayo umekaaje. Zikiumia, misuli huchelewa kuudaka mguu unapoanza kupinda tena. Kuchua hakurudishi uwezo huo.

Maji ya moto siku mbili tatu za mwanzo huzidisha uvimbe. Weka barafu ndani ya kitambaa dakika 15 hadi 20, urudie kila saa mbili au tatu. Funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kwenda juu. Vidole vikifa ganzi, ilegeze. Piga eksirei ikiwa huwezi kutembea hatua nne, au ukibonyeza ncha na ukingo wa nyuma wa mfupa wa kifundo unauma. Kuweza kusogeza vidole si ushahidi kwamba mfupa haujavunjika, ingawa uwanjani ndicho kipimo cha kila mtu.

Ukishakanyaga bila kuchechemea, simama peku kwa mguu ulioumia sekunde 30, mara tatu, kila siku. Ukizoea, fumba macho. Baadaye simama juu ya mto huku mwenzako akikurushia mpira. Ongeza kujiinua kwa vidole, mara 15, seti tatu. Endelea angalau wiki 6, hata kama umesharudi kucheza. Ukiacha mapema, enka inaweza kujirudia.

Usirudi kwenye mechi mpaka uweze kuruka kwa mguu huo mara 10 sawasawa na ule mzima, ukimbie kwa umbo la namba 8, na ukate kona kwa kasi bila kuuhurumia. Msimu huu vaa kifungio cha enka chenye kamba. Soksi laini ya kuvutika haizuii mguu kupinda. Na kwa kuwa ni mara ya tatu, mwone mtaalamu wa fiziotherapia apime kama kifundo kimelegea.

SWALI: Mimi ni kocha wa timu ya wasichana. Kunyoosha viungo tumesimama kabla ya mechi kunatosha kuzuia majeraha?
Kocha, Morogoro

JIBU: Hapana. Tumia programu ya FIFA 11+, yaani mazoezi ya kupasha mwili moto ya kupunguza majeraha, dakika kama 20, angalau mara mbili kwa wiki: mbio za taratibu, kisha nguvu, mizani na kuruka, halafu mbio za kasi. Wakiruka, angalia magoti yasiingie ndani wanapotua. Hapo ndipo kano za goti hukatika. Zoezi la kupiga magoti na kujishusha mbele polepole, mwenzake akimshika vifundo, lianze na mara 3 hadi 5 tu. Usilianzishe siku moja kabla ya mechi: mapaja yatauma.