Mkuu usiipuuze elektroni, utaharibu hesabu zote za Q

Mkuu simama hapo hapo kwanza. Umeuliza uanzie wapi kusoma fizikia ya atomi na nyuklia kabla muhula haujaanza, umeuliza na kanuni za nusu-maisha, sawa, ila mi nimekwama pale ulipoandika kwamba kwenye hesabu za Q, yaani nishati inayotoka kiini kinapooza, "elektroni nitaipuuza kwa sababu ni nyepesi". Nani kakwambia hivyo? Hiyo sentensi naijua, ilikuwa kwenye noti tulizogawiwa na mtu aliyekuwa anatufundisha vipindi vya ziada, na imeshaharibia watu kibao.

Ni kweli ni nyepesi, protoni inaizidi mara 1836. Lakini kwenye Q huilinganishi na protoni. Pale unatoa masi ya baada ya uozo kwenye masi ya kabla, namba mbili kubwa zinazokaribiana, kinachobaki ni kidogo mno, na elektroni inapimwa na hicho kilichobaki. Masi yake ni 0.000549 u (u ni kizio cha masi za atomi), ukiigeuza kuwa nishati ni 0.511 MeV (MeV ni kizio cha nishati), na kwenye uozo wa beta, ule unaotoa elektroni au pozitroni, hiyo inaweza kuzidi hata jibu lenyewe unalolitafuta.

Chukua kaboni-14. Jedwali linasema 14.003242 u, naitrojeni-14 ni 14.003074 u. Tofauti 0.000168 u, zidisha kwa 931.494, yaani MeV zilizomo kwenye u moja, unapata kama 0.156 MeV, basi, umemaliza. Kwa nini hapa elektroni hatuitoi? Si kwa sababu ni nyepesi! Ni kwa sababu majedwali yanatoa masi ya atomi nzima, naitrojeni imeshahesabiwa na elektroni zake 7 na kaboni na zake 6, kwa hiyo ile elektroni inayotoka kwenye beta imo tayari ndani ya masi ya naitrojeni. Ukiitoa tena unapata namba hasi, yaani umethibitisha kwamba kaboni-14 haiozi kabisa, na watu wote wanaopima umri wa mifupa ya kale wafunge kazi.

Sasa njoo kwenye pozitroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, hapa ndo pana hasara kubwa. Atomi iliyozaliwa ina protoni moja pungufu, kwa hiyo kwenye jedwali ina elektroni moja pungufu pia. Ile elektroni iliyobaki lazima uihesabu, halafu na pozitroni yenyewe iliyotoka uihesabu. Jumla unatoa masi mbili za elektroni, 1.022 MeV. Zile noti zilisema "tofauti ya masi ikiwa chanya, pozitroni inatoka". Uongo mtupu.

Berili-7 ndo iliyotumaliza. Masi yake 7.016929 u, lithi-7 ni 7.016003 u, tofauti ni kama 0.86 MeV, chanya safi kabisa, na kwa noti zile tukaandika kwamba inatoa pozitroni. Ripoti nzima ya mradi wa kundi letu ikajengwa juu ya hapo, tukachora hadi mstari wa gama za 0.511 MeV ambazo pozitroni hizo zingetoa zikikutana na elektroni, tukapanga na kinga kwa ajili yake. Hakuna pozitroni hata moja pale mkuu! 0.86 haifiki 1.022, nishati haitoshi. Berili-7 inanasa elektroni yake yenyewe inageuka lithi, na gama unayoiona ni ya 0.478 MeV, tena inatoka mara moja tu hivi katika kila uozo kumi. Ripoti ikarudi imekatwa kuanzia ukurasa wa pili, na aliyeandika noti akasema "hiyo ni kesi maalumu". Maalumu kivipi wakati ni kuhesabu elektroni kulia na kushoto, mtoto wa sekondari anaweza? Mpaka leo inaniuma, maana noti zile bado zinazunguka na nahisi ndo hizo ulizonazo.

Kwa hiyo kabla hujashika kalkuleta, andika juu ya karatasi: masi hizi ni za atomi au za kiini tupu? Halafu hesabu elektroni za upande huu na upande ule mpaka zilingane. Usichanganye, ukianza na atomi, maliza na atomi. Kila swali, hata lile unaloliona jepesi, hasa lile.

Na usikate desimali mapema, acha zote sita mpaka mwisho, ile kaboni ya juu ukiikata zikabaki tatu unapata 14.003 toa 14.003, sifuri.

Jipime na urani-238 inayotoa alfa, yaani kiini cha heliamu: 238.050788, thori-234 ni 234.043601, heliamu 4.002603. Elektroni 92 kushoto, 90 na 2 kulia, zimelingana zenyewe, na jibu ni 4.27 MeV. Ukipata 5.29 ujue umechomeka masi ya kiini tupu cha heliamu, 4.001506, katikati ya masi za atomi. Futa, anza upya, halafu weka hatua zako hapa tuzione.