Maswali ya kodi: mgebuka wa moshi amesindikwa?

*"Nauza dagaa wakavu na migebuka ya moshi Kibirizi. Vyote kwa pamoja vimepita milioni 200 kwa mwaka. Afisa anasema nijiandikishe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kwa sababu samaki wa moshi amesindikwa. Je, ni haki?"* — Mama wa dagaa, Kibirizi

Dada yangu, habari ya haki iweke pembeni kwanza. Kwenye kodi mahakama huangalia neno lililoandikwa. Mwaka 1921 Jaji Rowlatt wa Uingereza, katika kesi ya Cape Brandy Syndicate, alisema sheria ya kodi husomwa kama ilivyo, bila kuongezewa wala kudhaniwa kitu, na majaji wetu wanamnukuu mpaka leo. Kauli hiyo inambana mlipakodi, lakini inambana na afisa vilevile. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyotokana na sheria, kwa hiyo afisa akuonyeshe neno analolisimamia.

Neno lenyewe ni hili. Jedwali la Sheria ya VAT ya 2014 linasamehe samaki ambao hawajasindikwa. Halafu linaeleza kwamba kazi ndogo "kama vile" kuchambua, kukausha, kutia chumvi, kutoa minofu, kugandisha na kufungasha kwa jumla hazihesabiki kuwa usindikaji, mradi thamani iliyoongezeka isizidi asilimia 5 ya thamani ya mauzo. Kufungasha tu ndiko kusikofungwa na kikomo hicho. Dagaa wako wa kuanika juani wametajwa. Moshi haukutajwa.

Afisa atakwambia kilichoachwa kimeachwa kwa makusudi. Mjibu kwamba "kama vile" huiacha orodha wazi, na kisichotajwa huingia kikiwa ni cha aina moja na vilivyotajwa. Mjibu pia kwamba moshi nao ni njia ya kukausha. Mgebuka anashuka kwenye chanja akiwa na kichwa chake na mkia wake, hajasagwa, hajatiwa kopo, na mteja anamwita samaki kama alivyomwita asubuhi alipotoka ziwani. Mimi naiona hoja hii ina nguvu.

Ila unaweza kushinda kwenye neno ukaangushwa na ile asilimia 5. Daftari la bei ya samaki mbichi, kuni na vibarua unalo? Sheria ya Rufani za Kodi imemtwisha mlipakodi mzigo wa kuthibitisha, na Bodi ya Rufani za Kodi haitakukokotolea. Andika kuanzia leo.

Jambo ambalo hukuuliza ndilo huenda likakuokoa: mauzo yaliyosamehewa hayahesabiwi katika ile milioni 200 inayomlazimu mtu kujiandikisha. Toa dagaa kwanza, mradi nao wamo ndani ya ile asilimia 5, kisha tazama migebuka imebaki na shilingi ngapi. Kama haifiki, hakuna cha kubishania. Tumia sheria ya mwaka wa mauzo husika, maana Sheria ya Fedha hubadilisha mambo kila mwaka. Hiyo milioni 200 yenyewe ilikuwa milioni 100 hadi katikati ya 2023.

*"Wakili ameniambia utata wowote katika sheria ya kodi ni faida yangu. Kweli?"* — Mwenye duka, Kasulu

Ni kweli nusu, na hiyo nusu nyingine imefilisi watu. Kama utata uko kwenye kifungu kinachotoza kodi, mlipakodi hupewa faida yake. Kama uko kwenye kifungu kinachosamehe, kibao kinageuka: anayedai msamaha aonyeshe kwamba ameingia ndani yake bila shaka. Mahakama ya Juu ya India iliketi na majaji watano mwaka 2018, kesi ya Dilip Kumar, ikasema wazi kwamba utata katika msamaha humwendea mkusanya kodi. Kabla hujamlipa wakili, muulize kifungu chako ni cha kutoza au cha kusamehe. Akisitasita, tafuta mwingine.

*"Mimi nauza milioni 60 kwa mwaka. Niongeze asilimia 18 kwenye bei?"* — Ujiji

Hapana. Asiyesajiliwa hatozi VAT. Swali hili limejibiwa hapa mara nyingi, na bado kuna wenye maduka wanaowakata wateja fedha ambazo hazifiki serikalini. Huo ni wizi.

*"Jaji akikwama kwenye neno, anafungua kamusi gani?"* — Mwanafunzi wa sheria

Kijana, kamusi haiji kwanza. Kinachotangulia ni tafsiri iliyomo ndani ya sheria yenyewe. Isipokuwepo, jaji huuliza wauzaji na wanunuzi wanakiitaje kitu hicho. Mwaka 1961 huko India wauzaji wa tambuu walidai kuwa tambuu ni mboga, ili wasilipe kodi ya mauzo. Ni jani, linaota shambani, na mtaalamu wa mimea asingewapinga. Mahakama ya Juu ilikataa, kwa sababu katika lugha ya kila siku hakuna aitaye tambuu mboga. Mwaka 1967 mahakama hiyohiyo iliulizwa kama neno la sheria linalotaja makaa linaingiza mkaa wa kuni au linaishia kwenye makaa ya mawe. Ikafuata walivyoelewa wafanyabiashara na watumiaji, ikasema mkaa umo, na muuzaji akashinda. Marekani walikuwa wameshapita njia hiyo mwaka 1893, walipoamua kwa ushuru wa forodha kwamba nyanya ni mboga, japo wana botania huiita tunda.

Kwa hiyo shahidi mzuri katika kesi ya neno ni mchuuzi wa siku nyingi pale mwaloni. Mpeleke mapema, mbele ya Bodi ya Rufani za Kodi. Ukifika Mahakama ya Rufani ni hoja za sheria tu zinazosikilizwa, na ushahidi uliouacha nyumbani hauna mlango tena.

*"Tunamlipa mtaalamu aliyeko Bujumbura, kazi anafanyia kwao. Kwa nini tukate kodi ya zuio?"* — Kampuni ya usafirishaji, Kigoma

Kwa sababu ya kesi ya Tullow Tanzania ya 2018. Kampuni ilidai kwamba huduma "iliyotolewa" nchini ni ile ambayo mtoaji aliifanyia nchini. Mahakama ya Rufani iliangalia huduma imepokelewa na kutumika wapi, na malipo yametoka wapi, ikaona ni Tanzania. Mimi naona neno lilivutwa mno, na Bunge ndilo lililopaswa kulipanua kama lilitaka hivyo. Lakini huo ndio msimamo. Mkateni asilimia 15, la sivyo mtadaiwa ninyi.

*"Mkongo ananunua dukani kwangu, anapakia boti mwenyewe. Si ni mauzo ya nje?"* — Msomaji

Bila nyaraka za forodha zinazoonyesha mzigo umevuka, hayo ni mauzo ya ndani na VAT utaidaiwa wewe. Na acheni kuchanganya kiwango sifuri, ambacho ndicho cha mauzo ya nje, na msamaha. Kwenye kiwango sifuri unarejeshewa kodi uliyolipa manunuzi. Kwenye msamaha hurejeshewi.

*"Afisa alinihakikishia kwa mdomo kwamba bidhaa yangu imesamehewa. Sasa wameleta makadirio. Nifanye nini?"* — Uvinza

Maneno ya mdomo hayana pa kushika. Ungemwandikia Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato kuomba uamuzi binafsi, ukaeleza biashara yako yote bila kuficha, jibu lake lingemfunga. Kwa sasa hesabu siku. Una 30 tangu ulipopokea makadirio kuweka pingamizi, na ili lipokelewe unalipa theluthi moja ya kodi uliyokadiriwa au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa. Kama fedha haipo, omba kwa maandishi upunguziwe, mapema, bila kungoja siku hizo ziishe. Barua yako haikutaja tarehe ya makadirio. Itafute usiku huu.