Re: Nalala masaa 4 tu, benchi imegoma kilo 80

Mkuu, umeuliza kama umekwama kilo 80 kwenye benchi (kusukuma chuma juu ukiwa umelala chali) kwa sababu ya shifti ya usiku au programu yako ni mbovu. Programu uliyoeleza iko sawa. Tatizo ni hayo masaa manne ya usingizi.

Usiku mmoja mbaya haukuangushi sana. Mnyanyuo mmoja mzito bado utautoa. Kinachoporomoka ni seti za mwisho: marudio yanapungua, kilo 60 unazisikia kama 75. Siku zikifuatana, mazoezi ya misuli mingi kwa pamoja kama skwati (kuchuchumaa na chuma), benchi na dedlifti (kuinua chuma toka chini) yanaumia kuliko kukunja mkono kwa dambeli.

Na ndani ya mwili ndiko kuna hasara kubwa. Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha mwaka 2011: vijana 10 wenye afya walilala masaa 5 kila usiku kwa wiki moja tu, testosteroni yao (homoni ya kiume inayosaidia kujenga misuli) ya mchana ikashuka asilimia 10 hadi 15. Utafiti mwingine wa 2021 ulionyesha kuwa kukesha usiku mmoja kunapunguza ujenzi wa protini ya misuli kwa asilimia 18. Yaani jasho unatoa, misuli haijengwi.

Ukitoka kazini lala kwanza, chumba kiwe giza totoro, tizi upige jioni kabla ya shifti. Kahawa ikome masaa 6 kabla ya kulala. Siku ya usingizi mbovu punguza seti, na tafadhali usilalie benchi na kilo 80 bila mtu wa kukushikia chuma.